Jiwe Jeupe Katika Nyungu
Mafundisho kwa bamama juu ya maji magumu



Mmekuja na watoto mgongoni, na wengine mmetoka mbali kwa miguu. Mbele ya kupima watoto kilo, tukae kidogo tuzungumze juu ya jambo moja la nyumbani. Kila mama analijua, lakini si kila mama anajua maana yake. Ni lile jiwe jeupe linaloshika ndani ya nyungu na birika.

Siku moja mama mmoja alileta mtoto wa miezi 9. Mtoto alikuwa anahara tangu siku 3. Macho yake yalikuwa yameingia ndani na mdomo ulikuwa umekauka. Tukamwuliza mama: «Unachemsha maji ya mtoto?» Akajibu: «Zamani nilikuwa nachemsha. Nikaacha. Mayi ya kisima iko safi, unaona mpaka chini. Nikiiweka kwa moto, inatoa majiwe. Nikasema, moto njo unaleta majiwe. Sipendi mutoto wangu apate majiwe mu tumbo.»

Msimcheke mama huyu. Alifikiri kwa akili yake yote ili kulinda mtoto wake. Aliona kitu kwa macho, akakiogopa. Lakini adui aliyeangusha mtoto hakuonekana kwa macho. Alikuwa ndani ya yale maji safi yasiyochemshwa. Mtoto alipona, asante kwa mama aliyekuja mapema. Kwa ajili ya mtoto yule tunatoa mafundisho ya leo.

1. MAJI MAGUMU NI NINI?

Maji ya mvua yanaposhuka hayana chokaa. Yanaingia katika udongo, na huko yanachukua hewa ya udongo. Hewa hiyo inayapa nguvu kidogo ya kuyeyusha mawe. Halafu yanapita polepole katikati ya mawe chini ya ardhi, miaka na miaka.

Sasa, mawe yetu ni ya namna gani? Hapa Kolwezi, Fungurume, Tenke na penginepo katika Lualaba, mukuba na kobalti mara nyingi vinakaa ndani ya mawe yanayoitwa dolomiti. Dolomiti ni ndugu wa jiwe la chokaa. Kule Kakontwe, karibu na Likasi, tangu zamani watu walichimba mawe ya chokaa na kuyachoma kwa kazi ya viwanda vya mukuba. Basi maji yanayopita katika mawe ya namna hii yanayeyusha chokaa kidogo, kama vile chai inavyoyeyusha sukari. Huioni sukari, lakini imo ndani.

Maji yenye chokaa nyingi namna hii tunayaita maji magumu. Maji yenye chokaa kidogo tunayaita maji laini. Maji ya mvua ni laini. Maji ya kisima kirefu na ya pompi mara nyingi ni magumu zaidi. Lakini visima viwili vya kartié moja vinaweza kuwa tofauti. Usiamini maneno ya watu, jaribu mwenyewe.

2. JARIBU KWA CHUPA MBILI

Twaa chupa mbili zinazoonekana ndani. Katika moja tia maji ya mvua mpaka nusu. Katika nyingine tia maji ya kisima chako au ya robine, kipimo kilekile. Kata sabuni kidogo kama ukucha wa kidole, tia kipande sawasawa katika kila chupa. Funga, tikisa kwa nguvu, ukihesabu mpaka 30.

Maji ya mvua yatatoa povu jingi. Kama maji ya kisima yanatoa povu kidogo tu, na juu yake kunaelea uchafu mweupe kama maziwa yaliyoharibika, hayo ni maji magumu. Uchafu ule ni sabuni yako mwenyewe. Chokaa imeishika na kuifunga, haiwezi tena kufanya kazi. Ndiyo sababu bamama wengi wanasema: «Sabuni inaisha bure.»

3. JIWE JEUPE LINATOKA WAPI?

Tulisema kwamba hewa ya udongo ndiyo iliyosaidia maji kuyeyusha chokaa. Unapochemsha maji, hewa ile inatoka pamoja na mvuke. Ikitoka, chokaa haiwezi tena kukaa katika maji. Inaanguka chini na kushika katika nyungu.

Kwa hiyo moto hauleti mawe. Chokaa ilikuwa ndani tangu kisimani. Moto umeitoa tu nje, ukaionyesha. Tena maji yaliyobaki yana chokaa kidogo kuliko mwanzo. Yamekuwa laini zaidi. Yule mama alifikiri kwamba kuchemsha kunaharibu maji. Kumbe kunayafanya mema mara mbili: kunaua vijidudu, na kunapunguza chokaa.

4. JE, CHOKAA HII INAUMIZA MTOTO?

Hapana. Chokaa ya maji ina kalsiamu na magnesiamu. Mwili unatumia vitu hivi kwa mifupa, meno na nyama za mwili. Shirika la Afya Duniani halikuweka mpaka wa ugumu wa maji kwa sababu ya afya, kwa maana halikuona kwamba ugumu ule wenyewe unaleta ugonjwa.

Wengine wanaogopa mawe ya figo. Jiwe la nyungu haliendi kukaa katika figo. Kwa watu wengi wenye ugonjwa huo, kosa kubwa ni kunywa maji kidogo mno, hasa wakati wa jua. Basi usipunguze maji kwa hofu ya mawe. Kunywa ya kutosha. Kama muganga amekwisha kukuambia kwamba una mawe ya figo, fuata maneno yake.

Ukipenda mtoto asione unga mweupe katika kopo, acha maji yaliyochemshwa yatulie mpaka yapoe. Mimina polepole yale ya juu, uache machicha chini.

5. USIACHE KUCHEMSHA

Hili ndilo neno kubwa la leo. Maji ambayo «unaona mpaka chini» yanaweza kubeba kuhara, tifoidi na kolera. Mto Lualaba unatoka juu huku kwetu, unashuka mpaka maziwa ya Upemba. Kule Bukama na Malemba Nkulu kolera imerudi mara nyingi na kuua watu. Vijidudu vyake havionekani kwa macho, havina harufu, havina ladha.

Fanya hivi:

Weka maji kwenye mbabula mpaka yatokote kwa nguvu, si kutoa mvuke tu. Yakitokota, hesabu dakika 1, kisha ondoa. Usipoteze makala kwa kuyachemsha nusu saa. Funika nyungu, maji yapoe humohumo. Yahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko. Usitumbukize mkono wala kopo la kunywea. Tumia kopo lenye mkono mrefu, au chombo chenye robine.

Kama makala yamekosekana, tumia dawa ya klorini ya kusafisha maji ya kunywa. Soma kipimo kwenye chupa au kwenye kartoni, na ngoja dakika 30 mbele ya kunywa.

Na mtoto mchanga je? Mpaka miezi 6, maziwa ya mama peke yake. Si maji, si chai, si uji. Maziwa yako yana maji yote anayoyahitaji, hata wakati wa joto la mwezi wa 10. Hapo hakuna swali la maji magumu wala laini.

6. KUSAFISHA NYUNGU NA BIRIKA

Jiwe jeupe halina sumu, lakini linakula makala. Likiwa nene, linakuwa kama blanketi kati ya moto na maji. Maji yanachelewa kutokota. Kwa hiyo liondoe mara kwa mara.

Kamua malimau 2 au 3, changanya na maji mpaka yafunike jiwe. Pasha moto, kisha acha saa moja. Utaona mapovu madogo: limau linakula chokaa. Sugua, mwaga, suuza mara mbili. Siki nayo inafanya kazi ileile. Kama nyungu ni ya aluminiamu, usilaze limau au siki ndani yake usiku kucha, maana vitaanza kula nyungu yenyewe. Tena usipige jiwe kwa kisu au nyundo, utatoboa chombo.

7. KUFUA NA KUOGESHA

Katika maji magumu, uchafu wa sabuni unashika katika nguo. Kikwembe kinapoteza rangi yake nzuri. Vitambaa vya mtoto vinakuwa vigumu kama kartoni, vinasugua matako yake mpaka yanakuwa mekundu. Mama anafikiri sabuni haikutosha, anaongeza sabuni. Sabuni ikizidi bila kusuuzwa, ngozi inaumia zaidi.

Kuna njia tatu za kuokoa sabuni yako.

Ya kwanza, maji ya mvua. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4 mvua ni nyingi huku kwetu. Weka pipa chini ya mabati, na mvua ya kwanza iache ipite, ioshe mavumbi. Maji haya ni mazuri sana kwa kufua. Lakini kama unakaa karibu na machimbo, kiwanda, au barabara ya makamyo ya madini, usiyanywe. Mavumbi ya mabati yako yanaweza kuwa na madini.

Ya pili, maji yaliyochemshwa na kutulia. Hayo yatumie kwa vitambaa vya mtoto mchanga tu, kwa sababu makala ni bei.

Ya tatu, majivu, kama bibi zetu walivyofanya. Twaa majivu safi ya kuni au makala, konzi mbili kwa ndoo moja ya maji. Usitumie majivu ya mahali palipochomwa plastiki au takataka. Koroga, laza usiku kucha. Asubuhi mimina maji ya juu yaliyo safi, pitisha katika kitambaa. Majivu yameshika chokaa na kuiangusha chini. Sasa sabuni kidogo itatosha. Lakini jihadhari: maji ya majivu ni makali. Weka mbali na watoto, yasiingie machoni, wala usimwogeshe mtoto nayo. Suuza nguo vizuri.

Kwa kuogesha mtoto tumia sabuni kidogo, mmwagie maji safi ya kutosha, mkaushe katika mikunjo ya ngozi, umpake mafuta.

Na mikono? Povu likikosekana, usiseme: «Sabuni haifanyi kazi, niache.» Sugua tu, kati ya vidole na chini ya kucha, ukihesabu mpaka 20. Kusugua na kusuuza ndiko kunakoondoa uchafu. Nawa ukitoka choo, ukimaliza kumsafisha mtoto, na mbele ya kushika chakula. Sabuni ikikosekana kabisa, tumia majivu.

8. MAHARAGI YASIYOIVA

Mama anawasha mbabula asubuhi, na saa sita maharagi bado ni kama mawe. Chokaa ya maji inashika ngozi ya maharagi na kuifanya ngumu. Basi chagua maharagi, yaoshe, yalaze usiku kucha katika maji yaliyochemshwa na kutulia, ukitia chumvi kidogo. Asubuhi mwaga maji yale, pika kwa maji mengine yaliyochemshwa na kutulia. Nyanya na limau vitie mwishoni, maana ukali wao unachelewesha kuiva.

Wengi wanatia bikarbonati katika maharagi na katika sombe. Inasaidia, lakini ikizidi inaharibu vitamini, na ladha inakuwa kama sabuni. Kama huna njia nyingine, ncha ya kijiko inatosha. Usiifanye desturi ya kila siku.

9. MAJI YA KUOGOPA KWELI

Sasa sikilizeni vizuri. Tumesema chokaa isiogopwe. Lakini sisi tunakaa katika nchi ya machimbo, na kuna maji mengine ambayo si magumu tu, ni mabaya. Kuchemsha hakuyaponyi. Moto unaua vijidudu, hauondoi madini wala asidi. Maji yakipungua kwa mvuke, madini yanabaki yaleyale katika maji kidogo.

Usichote maji ya kunywa au ya kupikia mahali hapa: katika mfereji unaotoka kiwandani au katika machimbo, katika shimo la zamani la mgodi lililojaa maji, mahali watu wanapooshea mawe ya madini, katika mto unaopita katika mabaki ya kiwanda. Mto Musonoi, hapa karibu na Kolwezi, ulipokea mabaki ya kuosha madini kwa miaka mingi. Maji yenye rangi ya kijani au buluu, yenye ladha chungu au kali ya chuma, au mahali samaki wamekufa, yaacheni. Tena kukosa rangi na ladha si uhakika. Ni kupimwa tu katika maabara kunakoweza kusema kweli.

Hofu hii si ya bure. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo. Mwaka 2018 walitangaza habari za kartié Kasulo, hapa Kolwezi, mahali watu walipochimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Wakazi wake, na hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wa kartié nyingine isiyo na machimbo. Mavumbi ndiyo njia moja kubwa. Mtoto anacheza chini, anatia mikono mdomoni.

Kwa hiyo, zaidi ya kuchagua maji: funika chakula na maji ya kunywa. Panguza nyumba kwa kitambaa chenye maji, usifagie mavumbi makavu mtoto akiwa ndani. Baba au kaka akitoka katika machimbo, avue nguo nje, aoge mbele ya kumbeba mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Mfuko uliobeba madini usiwe tena mfuko wa unga wa bukari. Bidoni iliyobeba asidi isibebe maji, hata ukiiosha mara kumi.

Kama mnashuku kisima chenu, msikae kimya. Bamama wa kartié waende pamoja kwa shefu wa kartié na kwa wakubwa wa zone ya afya, waombe maji yapimwe. Mama mmoja akisema, wanamsikia kidogo. Bamama makumi mawili wakisema pamoja, wanasikiwa.

10. MASWALI YA BAMAMA

«Mutoto akihara, nimupe mayi magumu?» Mpe maji yoyote salama yaliyochemshwa, chokaa haizuii. Changanya pakiti ya dawa ya kuhara katika lita 1. Kama pakiti hakuna: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo na mlima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo. Endelea kumnyonyesha. Umlete kwetu, apate na dawa ya zinki. Akiwa na damu katika choo, au macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, umlete sasa hivi, hata usiku.

«Kitambaa kinaweza kuchuja chokaa?» Hapana. Kitambaa kinashika matope na takataka. Chokaa imeyeyuka, inapita kama sukari ya chai.

«Mayi ya moto ikilala na machicha chini, iko mubaya?» Haiko mbaya. Mimina ya juu, kunywa. Lakini yasilale siku nyingi. Chemsha mengine kila siku.

KUMBUKA MANENO HAYA

Jiwe jeupe katika nyungu ni chokaa. Si sumu. Moto hauliumbi, unalitoa.

Maji kuonekana safi si kuwa salama. Chemsha, funika, tulia, mimina.

Maji ya machimbo hayaponi kwa moto. Yaacheni.

Mtoto wa chini ya miezi 6: titi la mama tu.

Yule mama tuliyewaambia habari zake, aliporudi kupima mtoto kilo, alituambia: «Sasa nikiona jiwe mu nyungu, ninajua nimechemsha kweli.» Hayo ndiyo tunayotaka kila mama aseme. Leo, mkifika nyumbani, angalieni ndani ya birika. Mkikuta jiwe jeupe, msiogope. Mwonyesheni jirani, na mumwambie maana yake.

Haya, bamama. Sasa leteni watoto tupime kilo.